Aina za Simu za Intaneti na Tahadhari Umeme Unapokatika

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa wanaoishi Dar es Salaam, wakiwemo waliojenga katika vitongoji vya nje ya mji kama vile Goba. Mazungumzo ya pande hizi mbili, ambayo zamani yalipita katika simu za waya, hivi sasa aghalabu hupita katika intaneti. Wananchi wanafahamishwa kwamba simu zitumiazo njia hiyo ni za aina tatu, nazo hazilingani pale umeme unapokatika.

Aina ya kwanza ni programu iliyowekwa ndani ya simu ya mkononi au kompyuta, mfano WhatsApp. Sauti hugawanywa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikabandikwa anuani mithili ya barua, kisha vikaunganishwa upya upande wa pili. Kwa kawaida wazungumzaji wote wawili sharti wawe na programu hiyo hiyo.

Aina ya pili ni simu ya mezani iliyotengenezwa mahsusi kwa intaneti. Waya wake huchomekwa kwenye ruta au swichi, na nyingi zaweza kupata umeme kwa waya huo huo. Hufaa zaidi maofisini, maskulini na hospitalini.

Aina ya tatu ni simu ya mezani ya zamani iliyoungwa na adapta, yaani kisanduku kidogo kinachogeuza sauti ili ipite katika intaneti. Mzee aliyezoea simu yake hana jambo jipya la kujifunza.

Ni vyema ikumbukwe kwamba simu ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, penye betri za volti 48. Nyumba ikiwa gizani, simu bado ililia. Simu za aina ya pili na ya tatu hazina nguvu hiyo: ruta ikizimika, nazo hunyamaza. Unguja inayafahamu madhila ya giza, kwani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme, kutokana na hitilafu katika njia ya umeme utokao Tanzania Bara.

Kwa hivyo wananchi wanashauriwa yafuatayo:

1. Ruta na adapta ziwekewe betri ya akiba.

2. Kila nyumba iwe na simu ya mkononi iliyochajiwa. Nambari za dharura, 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto, zipigwe kwa simu ya kawaida, kwani WhatsApp haipigi nambari hizo.

3. Jamaa wa Visiwani na wa Goba wapeane nambari za kawaida na waziandike kwenye karatasi.

Mgonjwa akizidiwa usiku, hangoji umeme urudi. Wananchi wote wanaombwa kuyazingatia haya mapema, kabla ya kufikwa na dharura.