Breki za baiskeli ya umeme: kagua kabla ya kuteremka Tambach

Wakaazi wa Iten, Kessup na Tambach wamezoea kuona baiskeli zikisukumwa kwa mkono kupanda mlima. Siku hizi zipo nyingine zinazopanda huku mwenyewe akikanyaga taratibu kana kwamba yuko uwanjani. Ni baiskeli za umeme za milimani, zenye tairi pana, betri kwenye fremu na mota ya nguvu. Anayesimama kuitazama huuliza bei, kisha betri inafika wapi, kisha mota ni ya wati ngapi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kuhusu breki.

Mimi pia sikuuliza. Niliazima moja kwenda Biretwo kupiga picha za kazi, na baada ya kupita Tambach mkono wa breki ya nyuma ulianza kulegea, kisha ukagusa usukani bila kushika chochote. Nilibaki na breki ya mbele, ambayo tangu utotoni niliiogopa kwa kuambiwa kwamba humrusha mtu. Niliibana kidogo kidogo hadi nikaingia kwenye changarawe upande wa mlima na kusimama. Baada ya kupumzika kama dakika 20 nilijaribu tena ile ya nyuma, ikawa ngumu na nzuri kama mpya. Nusura nipande niendelee na safari.

Kilichotokea kinaelezeka kwa hesabu ndogo. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Mto Kerio pale Chebloch uko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Baiskeli ya kawaida ya milimani huwa na kilo 13 hadi 15, lakini ya umeme yenye nguvu hufika kilo 25 au 30. Jumlisha mwendeshaji na mzigo upate kilo 120. Uzito huo ukishuka mita 1,000 hutoa nishati ya kuchemsha zaidi ya lita tatu za maji baridi. Upepo na tairi huchukua sehemu yake. Inayobaki huishia kwenye diski mbili nyembamba na vipande vinne vya pedi. Mwendo nao huongeza kazi: ukienda kilomita 50 kwa saa badala ya 25, breki zinapaswa kumeza nishati mara nne.

Wengi hudhani mota itasaidia kushikilia kama injini ya pikipiki inavyofanya ukishuka na gia ndogo. Ikiwa mota iko katikati, kwenye pedali, haishikilii chochote. Baadhi ya mota za kwenye gurudumu, zile zisizo na gia ndani, zinaweza kupunguza mwendo huku zikirudisha umeme kwenye betri. Lakini betri iliyojaa haina pa kuuweka. Aliyechaji Iten usiku kucha na kuanza safari kwa mteremko anaukosa msaada huo pale anapouhitaji zaidi.

Breki hushindwa kwa njia mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Ya kwanza, mkono wa breki unabaki mgumu lakini baiskeli haisimami. Hapo pedi zimepata joto kupita kiasi, na zikipoa uso wake huweza kubaki ukimetameta kama kioo. Ya pili ni ile iliyonipata: mkono unalegea hadi kwenye usukani kwa sababu mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke ndani ya mpira. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Mfumo ukipoa mvuke hurudi kuwa kimiminika na breki huonekana imepona, kumbe itakufa tena kona chache mbele. Ikikutokea, usipande tena. Isukume baiskeli au itafutie gari, kisha mafuta yabadilishwe.

Sasa tuje kwenye kununua. Breki za waya zinatosha baiskeli nyepesi ya mjini. Kwa mashine nzito ya kushuka bonde hili, tafuta breki za mafuta zenye pistoni nne kila upande wa gurudumu, yaani nne mbele na nne nyuma, si mbili mbili. Diski ziwe kubwa. Baiskeli nyingi huja na za milimita 160 au 180, lakini kwa uzito huu za milimita 200 au 203 ni bora, hasa mbele, kwa kuwa huwa na nafasi zaidi ya kutoa joto. Kabla ya kubadilisha, hakikisha foku na fremu zinakubali ukubwa huo. Watengenezaji huandika kikomo.

Pedi ni za aina mbili kuu. Za resini hazina kelele na hushika vizuri zikiwa baridi, ila huisha haraka kwenye matope na huchoka mapema kwa joto. Za chuma hupiga kelele, lakini huvumilia joto na hudumu. Kwa barabara yetu ningechagua za chuma. Soma diski kwanza, kwa sababu baadhi zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba zitumie resini tu. Na ushauri ambao muuzaji hawezi kukupa: breki ya wastani ambayo pedi zake zinapatikana Eldoret ni bora kuliko breki ya kifahari ambayo pedi zake zinasubiri kifurushi kutoka ng'ambo.

Kosa la hatari zaidi liko kwenye mafuta. Baadhi ya breki hutumia mafuta ya DOT 4 au DOT 5.1, ya jamii ile ya gari. Nyingine hutumia mafuta ya madini. Hayabadilishani. Fundi wa magari akijaza DOT kwenye mfumo wa mafuta ya madini, mipira ya ndani itavimba na kuharibika, pengine baada ya wewe kuondoka gereji ukiwa umeridhika. Aina inayotakiwa huandikwa kwenye kifuniko cha mkono wa breki au kwenye kijitabu. DOT pia hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri inavyonyonya ndivyo inavyochemka mapema. DOT 4 mpya huhimili angalau nyuzi 230, lakini ikishaingia maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Mafuta ya baiskeli niliyoazima hayakuwa yamebadilishwa tangu inunuliwe. Badilisha kila mwaka.

Pedi mpya zisiende mlimani siku hiyo hiyo. Tafuta sehemu tambarare, enda kwa mwendo wa wastani, punguza hadi mwendo wa kutembea bila kufunga gurudumu, kisha achilia. Rudia mara 20 hivi. Pedi ikibaki chini ya milimita moja ya kushikia, toa. Diski nayo huisha, na unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi umechorwa juu yake. Usipulizie oili ya cheni karibu na diski, na usimwagie diski ya moto maji, itapinda.

Waendeshaji wa boda boda wanaohamia baiskeli hizi wawe makini na jambo moja. Kwenye pikipiki, breki ya mbele iko mkono wa kulia. Baiskeli nyingi zilizotengenezewa soko la Marekani na Ulaya zina ya mbele upande wa kushoto. Jaribu ukiwa umesimama ujue ipi ni ipi. Tumia zote mbili, punguza mwendo kabla ya kona, kisha achilia kwenye sehemu iliyonyooka ili diski zipoe. Kushikilia breki moja kutoka Iten hadi Biretwo ndiko kunakochemsha mafuta.

Kwa wenye kipini cha kuongeza moto, mikono ya breki huwa na swichi inayokata mota. Ukibadilisha mkono kwa wa bei nafuu usio na swichi, mota itaendelea kusukuma ukiwa umebana breki. Inua gurudumu lenye mota, ongeza moto kidogo, bana breki. Likiendelea kuvutwa na mota, rudi kwa fundi.

Na kama baiskeli ilipanda matatu ikiwa imelazwa au kupinduliwa juu ya keria, hewa inaweza kuwa imeingia kwenye mpira wa mafuta. Isimamishe wima, bana kila mkono mara kumi au zaidi, na usianze safari mpaka uwe mgumu kabla ya nusu ya njia kuelekea usukani.