Mgeta, bonde linalotunywesha Tegeta

Mtaani kwetu Tegeta, maji yakirudi baada ya siku mbili tatu, bomba huanza kwa kutoa upepo. Linakoroma, linatema matone yenye rangi ya chai, kisha linatulia na maji yanatiririka. Mama wa nyumba ya pili hupaza sauti, "Yamerudi jamani!" na kila ua unasikia madumu yakigongana. Nimeishi na sauti hiyo miaka mingi. Ungeniuliza maji hayo yanatoka wapi, ningekujibu Ruvu, kama anavyojibu kila mtu wa Dar es Salaam, na maneno yangeniishia hapo.

Ndipo nikaamua kwenda kuiona milima inayoizaa Ruvu.

Sisi watu wa Tegeta, mwisho wa wiki miguu yetu inajua njia ya baharini. Kunduchi ni jirani, boti za kisiwa cha Mbudya zinaondokea hapohapo, na mgeni akija tunampitisha kwenye magofu ya Kunduchi aone makaburi ya zamani. Mlima tunaoujua ni Wazo, kilima cha mawe ya chokaa kinachochimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1960. Kuipa bahari mgongo na kwenda bara kutalii ni jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii, labda kama kuna msiba au harusi.

Lakini maisha yetu yamefungwa na bara kwa bomba. Maji ya upande wetu wa jiji yanatoka Ruvu Chini, mtambo ulioko wilaya ya Bagamoyo, ulioanza kazi mwaka 1976. Baada ya kupanuliwa una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Tangu uanze, mtambo huo umekuwa ukichota mtoni moja kwa moja, bila bwawa la akiba nyuma yake, kwa hiyo mto ukinyauka na bomba linanyauka. Oktoba 2022, mvua zilipochelewa, jiji zima liliingia kwenye mgao. Ujenzi wa bwawa la Kidunda, litakalohifadhi lita bilioni 190, ulianza baada ya hapo. Ila hata bwawa hujazwa na mto, na mto huo chimbuko lake ni milima ya Uluguru.

Nilikwenda kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Chini ya saa mbili unakuwa umefika. Ushauri wangu ni mmoja: tafuta kiti cha dirishani upande wa kushoto. Ukishapita Ngerengere, Uluguru inaanza kujitokeza, kwanza kama wingu zito lililokaa chini, halafu unagundua kwamba wingu hilo lina mikunjo, na kwenye mikunjo kuna miti.

Watalii wengi wanaishia juu ya mji wa Morogoro. Wanapanda hadi Morningside, kwenye nyumba ya enzi za Wajerumani, wanapiga picha ya mji ukiwa chini yao, wanarudi hotelini. Ni pazuri, sikatai. Mimi nilitaka upande wa pili wa mlima, kwa hiyo nilipanda gari la abiria kwenye barabara ya Iringa hadi njia panda ya Sangasanga, karibu na Mzumbe, ambako njia ya Mgeta inaiacha lami na kuanza kupanda.

Njia hiyo usiiendee na gari la chini, na wakati wa masika usiiendee kabisa bila kuuliza kwanza. Inapanda kwa kona zisizokwisha, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili hakuna kitu, hewa tu. Dereva wetu alikuwa akipiga honi kabla ya kila kona. Baada ya kona fulani, sikuihesabu, abiria wenzangu walianza kutoa masweta mifukoni, na mimi nikajikuta peke yangu ndani ya gari nikiwa na fulana. Kisha bonde likafunguka.

Nimejaribu kumweleza mke wangu nilichokiona na nimeshindwa, lakini nitajaribu tena. Mgeta ni tarafa ya wilaya ya Mvomero, na vijiji vyake, Langali, Nyandira, Tchenzema, Bunduki na vingine, vimening'inia kwenye miteremko ya bonde lenye kina kirefu. Nyandira iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Karibu mlima mzima umekatwa ngazi. Kila ngazi ni shamba, na mashamba mengine upana wake hauzidi mkeka wa kulalia. Hii ya kabichi, ile ya karoti, inayofuata njegere zimepanda kwenye vijiti, na kijani cha kila moja kinatofautiana na cha jirani yake. Pembeni mwa ngazi kuna plamsi, pichesi na peasi, matunda yaliyoingia huku enzi za wamisionari na leo watoto wanayauza barabarani kama sisi tunavyouza maembe.

Kilichonishika zaidi ni maji. Kila mahali unayasikia kabla hujayaona. Wakulima wanayateka kwenye vijito vya juu, wanayashusha kwa mipira myeusi hadi shambani bila pampu wala umeme, mteremko peke yake ndio unaosukuma. Nilisimama kwenye shamba moja kumtazama mzee akihamisha mpira wake. Kwenye ncha alikuwa amefunga chupa ya plastiki aliyoitoboa matundu kwa msumari wa moto, na ilikuwa inarusha maji kama mvua ya manyunyu juu ya miche ya kabichi. Alikuwa akiisogeza hatua mbili, anangoja udongo ubadilike rangi, anaisogeza tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetokea wapi?"

Nikamwambia Dar es Salaam, Tegeta. Nikamwambia pia kwamba maji haya ndiyo tunayokunywa. Mzee alicheka, akaonyesha kwa kidevu chini bondeni ambako Mto Mgeta ulikuwa unang'aa kati ya mawe. "Basi na wewe ni mtu wa huku," akasema. Mto huo unateremka upande wa magharibi wa Uluguru, unazunguka milima kwa kusini, kisha unaungana na Ruvu na kuelekea kwetu.

Ngazi zile zina historia chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi Uluguru na kuwalazimisha watu kuchimba matuta makubwa. Kuzuia mmomonyoko lilikuwa jambo la maana, lakini watu hawakuulizwa. Udongo wenye rutuba ulizikwa chini ya ule usiozaa, na kazi ilikuwa ya shuruti. Mwaka 1955 upande wa Matombo, mashariki mwa milima, watu waligoma na kuandamana, polisi wakafyatua risasi, mtu akapoteza maisha. Mpango ukafa. Huku Mgeta, ambako mboga zililipa na maji ya kumwagilia yalikuwepo, ngazi zilibaki na watu wakazifanya zao. Naona hapo kuna somo kwa kila anayepanga kuwahifadhi watu wa milimani bila kuketi nao.

Siku ya gulio Nyandira usikose. Nilifika jua halijachomoza vizuri, ukungu bado umelala juu ya mapaa ya bati, na akina mama walikuwa wanashuka na matenga kichwani kwa mwendo ambao mimi nisiye na mzigo sikuuweza. Vijana walikuwa wanafunga viroba vya viazi mviringo. Gunia likishajaa, wanaliongezea kilemba cha viazi juu, wanakizungushia kamba ya katani hadi kinakuwa kirefu karibu sawa na gunia lenyewe. Ndiyo lumbesa tunayoisikia kwenye taarifa za habari. Ukiiona ikifungwa mbele ya mwenye viazi, huku yeye ametazama pembeni, utaelewa kwa nini wakulima wanailalamikia.

Nilinunua njegere kwa mama mmoja, nikataja Tegeta tena. "Zangu zinafika huko kila wiki," akasema, akinipimia na kuongeza konzi moja ya bure. "Ila sikuwahi kumwona mtu wa huko akija kuzifuata."

Kwenye kibanda cha chai nilipewa chai ya maziwa ya mbuzi. Mbuzi wa maziwa kutoka Norwei waliletwa Mgeta miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, na wameizoea baridi hii kama kwao. Maziwa ni mazito, yana utamu wa mbali.

Kwa anayetaka kutembea, kuna maporomoko ya Hululu, na kuna msitu. Mwongozaji umchukue kijijini, umlipe yeye mkononi, na ulale kijijini pia, maana fedha ya mgeni anayelala mjini haipandi mlima. Ukitaka kuingia ndani ya hifadhi ya mazingira asilia, kibali kichukue kabla hujapanda. Msitu wa hifadhi ulinipa saa chache tu, lakini nitazikumbuka. Miti imevaa kuvumwani mpaka kwenye matawi, hakuna mvua inayonyesha na bado kila jani linadondosha. Ukungu unagusa mti, unageuka tone, tone linaingia ardhini, na kutoka hapo safari ya kuja kwetu inaanza. Kuna ndege aina ya chozi wanaoishi kwenye milima hii tu, hawapatikani penginepo duniani. Juu kabisa, kwenye uwanda wa Lukwangule na kilele cha Kimhandu kinachopita mita 2,600, sikufika.

Nilichokiona pia ni miteremko isiyo na ngazi. Juu ya baadhi ya vijiji watu wamelima wima, kutoka juu kwenda chini, na mvua moja imeacha michirizi myekundu kama kucha zilizokwaruza. Sikuwa na ujasiri wa kumlaumu aliyelima. Ana watoto, na ardhi ya bonde imekwisha.

Kurudi nilichukua basi hadi Mbezi, kwa sababu ya kiroba cha njegere na karoti, na kwa sababu kutoka Mbezi naweza kukata kwa Goba nikafika Tegeta bila kuingia mjini. Kabla ya Mlandizi, basi lilipunguza mwendo kwenye daraja la Ruvu. Nilisimama kitini kuchungulia. Maji yalikuwa mengi, yanakwenda polepole, na rangi yake ilikuwa ileile ya udongo wa ukuta wa barabara ya Mgeta, ileile ya matone ya kwanza ya bomba la uani kwangu.