Roki Masimba

Hapa Kayole matatu hupiga gengetoni na rege, lakini masikio yangu yalitekwa na Hybrid Theory ya Linkin Park, albamu ya mwaka 2000. Mike Shinoda anarap, Chester Bennington anapasua koo. Kwa sisi tuliokua tukisikiliza Kalamashaka, kundi la rap la Dandora, rap hiyo ilitukaribisha ndani. Nevermind ya Nirvana (1991) ikanifunza kupenda ubeti mpole na kiitikio kinacholipuka.  Albamu iliyonivuruga kabisa ni Duma, ya Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi, iliyotolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nikiipiga, Mama huuliza kama jenereta ya jirani imeharibika. Naongeza sauti.