Kaole: Kijiji Chenye Mihrabu ya Kale

Kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo, jirani na Mbegani yetu, kuna kijiji kidogo cha Kaole. Minazi na mibuyu ndiyo kivuli chake, na mikoko imesimama kati yake na bahari. Mgeni aweza kukipita asitambue kwamba hapa palikuwa na mji wa Waislamu.

Magofu yake ni misikiti 2 na makaburi, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti mkongwe hunasibishwa na karne ya 13. Paa limeanguka, lakini mihrabu ingali inaelekea Makka. Nguzo za makaburi zilipambwa kwa bakuli za Kichina, ishara ya biashara iliyovuka bahari. Baadaye tope na mikoko viliziba bandari, vyombo vikahamia Bagamoyo, na mji ukanyamaza.

Linalotusikitisha ni hili: wengi wetu huwapeleka watoto pale kupiga picha tu, na wako waendao kuwaomba maiti haja zao. Mtume (SAW) aliruhusu kuzuru makaburi ili tuikumbuke akhera. Aliyelala pale ndiye mwenye haja ya dua yetu. Sisi haja zetu tumwombe Allah (SW).

Basi, wazazi, likizo ikifika wapelekeni wana wenu Kaole. Watoe salamu kwa watu wa makaburini, wawaombee maghufira, kisha wasimame mbele ya mihrabu ile wajue kwamba dini hii wameirithi, nao watairithisha.