Njia ya Pili ya Intaneti katika Miji ya Mlima Kenya

Mwezi wa Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alishuhudia huko Mombasa kuwasili kwa TEAMS, kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Na kuanzia hapo ofisi za Nyeri, Karatina na Nanyuki zikazidi kuikabidhi intaneti hesabu, barua na malipo yao. Lakini Februari 2012, wakati EASSy, kebo nyingine ya chini ya bahari, ilipokuwa tayari imekatika katika Bahari ya Shamu, meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandari ya Mombasa iliteremsha nanga yake juu ya TEAMS ikaikata nayo. Na tarehe 12 Mei 2024 EASSy na kebo ya tatu, SEACOM, zilikatika siku moja katika bahari ya kusini mwa Afrika, intaneti ikadhoofika Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja.

EASSy na SEACOM zina wenyewe mbalimbali na ankara mbalimbali, ilhali msiba uliozifika ni mmoja. Na hilo ndilo la kuzingatiwa na mwenye biashara wa Nyeri kabla hajatia saini mkataba wa laini ya pili. Aghalabu faiba ya kuja huku hufuata barabara kuu ya kutoka Nairobi, kwa kupita Thika, Kenol, Sagana na Karatina, imezikwa kando ya lami au imetundikwa juu ya nguzo za umeme, na yamkini kampuni mbili zinazoshindana kwa matangazo zimetundika nyaya zao juu ya nguzo ile ile, ambayo lori moja likiigonga huziangusha zote mbili. Hata mnara wa simu, ambao wengi huudhania kuwa kimbilio lisilo na waya, huenda ukawa unalishwa na faiba iyo hiyo. Basi swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe la bei bali la njia: waya wenu unapita wapi, na mnara wenu unapata wapi mawasiliano? Maadamu laini ya kwanza ni ya faiba, mimi ningependelea ya pili iwe ya mawimbi ya redio yarukayo kutoka kilima hadi kilima, au ya setilaiti za chini kama Starlink, ambayo imekuwa ikiuzwa Kenya tangu 2023.

Laini mbili zikishapatikana, kazi ya kuzitawala ni ya ruta. Hapa ndipo wengi hupotezwa na taa ya kijani: faiba imekatika Sagana, lakini kisanduku cha mtoa huduma kilichoko ukutani kingali hai, na waya mfupi uliopo baina yake na ruta ni mzima, kwa hiyo ruta huona kila jambo limo salama na kuendelea kupeleka shehena yake mahali pasipo na njia. Dawa yake ni kuiamuru ruta ibishe hodi kila baada ya sekunde chache kwa anwani mbili au tatu zilizo mbali, ng'ambo ya mtoa huduma mwenyewe, na zote zikinyamaza kwa muda uliowekwa, ndipo ihamie laini ya akiba. Nayo isirejee upesi, bali ingoje mpaka laini ya kwanza iwe imetulia kwa dakika kadhaa, isije ikawa ya kurukaruka huku na huku.

Fauka ya hayo kuna tadbiri ya shehena yenyewe. Fikiri ofisi ya chama cha ushirika cha kahawa siku ya malipo: karani anapeleka fedha za wakulima kwenye simu zao, meneja anazungumza kwa video na wanunuzi, kamera za ulinzi zinatuma picha za ghala bila kukoma, na kompyuta ya pembeni imeanza yenyewe kupakua masahihisho ya programu. Ruta isiyopewa amri huwapanga wote katika foleni moja, na ombi la karani, ambalo halizidi ukubwa wa barua fupi, hukaa nyuma ya picha za kamera mpaka mfumo wa malipo uchoke kungoja na kulikataa. Yafaa malipo na sauti vipewe haki ya kutangulia. Na kama laini hutoa megabiti 20 kwa sekunde kwa hakika, ruta iwekewe mpaka wa 18 hivi, ili foleni ifanyike ndani yake, inakoweza kupangwa, wala si ndani ya kifaa cha mtoa huduma ambacho hatuna amri juu yake. Katika ufundi wote wa ruta, huu ndio ninaouthamini zaidi, na ndio unaosahauliwa zaidi.

Wako wapendao laini zote mbili zifanye kazi kwa pamoja. Ni halali, ila mwenye megabiti 20 mara mbili asitaraji kupakua faili moja kwa 40, kwa sababu ruta hugawa mazungumzo na wala haikati zungumzo moja vipande. Na tovuti ya benki, ikimwona mteja yule yule akija kwa anwani mbili, huweza kumshuku na kumtoa nje, kwa hiyo kazi za benki zifungwe kwenye laini moja.

Umeme nao usisahauliwe: usiku wa 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na ruta isiyo na betri haiwezi kuhamia laini yoyote. Kisha, siku isiyo ya malipo, wafanyakazi wakiwa kazini, fundi afanye jaribio: achomoe waya wa laini ya kwanza, atazame ni sekunde ngapi zapita kabla karani hajapata njia tena, na kama kamera na masahihisho ya programu yamezuiwa kula kifurushi cha laini ya akiba.