Kilima cha Kuka: Mazoezi Makali na Wale Walioyaanzisha

Mwaka huu mhariri aliniomba niandike juu ya michezo, ati kwa sababu mimi hukimbia. Nilidhani ni kazi rahisi kama kumsukuma mlevi. Kumbe! Nilipoanza kuulizauliza mazoezi tunayofanya hapa shuleni yalitoka wapi, nilijikuta nimetoka Kakamega nikafika Embu, Iten, Ujerumani na hata Japani. Basi keti kitako nikusimulie.

Ukitoka shuleni kwetu ukashika njia ya kuteremka kuelekea mto Isiukhu, utapata kilima kifupi cha udongo mwekundu. Urefu wake ni kama mita 150 hivi. Mvua ikinyesha, na si mnajua mvua ya Kakamega, hata watu wa bodaboda huwashusha abiria wao watembee. Hapo ndipo tunapofanyia mazoezi. Unapanda mbio kwa nguvu zako zote au karibu zote, unateremka ukitembea polepole, halafu unapanda tena. Mara sita tu. Zoezi lote halimalizi nusu saa, lakini ukifika nyumbani ukitumwa maji mtoni ni taabu tupu, miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo.

Aliyetufundisha jambo hili ni mzee anayetunza uwanja wa shule. Sisi humwita Kuka, yaani babu. Yeye alikimbia zamani katika timu ya kiwanda, na anasema zoezi lenyewe alifunzwa na afande mmoja wa jeshi ambaye jina lake limemtoka. Kuka hana saa wala filimbi. Hutia punje za mahindi katika mfuko wa kushoto wa koti lake, na kila ukifika juu anahamisha punje moja hadi mfuko wa kulia. Punje zikiisha, umemaliza. Ukimwomba uongeze moja, anakataa katakata.

Sasa, kwa nini kitu kifupi namna hiyo kimsaidie mtu? Wengi wetu hudhani mazoezi ni wingi wa saa, kwamba anayekimbia saa mbili lazima amshinde anayekimbia nusu saa. Nilimwuliza mwalimu wa Bayolojia akanifafanulia hivi. Misuli ya binadamu ina nyuzi za aina mbalimbali. Zipo zinazofanya kazi polepole lakini hazichoki upesi, na zipo zenye nguvu na kasi ambazo huchoka mara moja. Ukitembea kwenda sokoni, mwili huziita zile za polepole peke yake. Mzigo ukizidi, mwili huanza kuziita zile kali moja baada ya nyingine. Mtu anaweza kukimbia mwaka mzima barabarani polepole bila hata siku moja kuziamsha barabara zile nyuzi kali. Kilima huziamsha kwa sekunde chache tu, kwa sababu unabeba uzito wako mwenyewe kuupeleka juu. Ndiyo maana mimi husema kilima ni vyuma vya maskini. Isitoshe, unapopanda, ardhi iko karibu na mguu kuliko kwenye tambarare, kwa hivyo hauangukii kwa kishindo. Magoti hayaumii sana.

Misuli yenyewe haikui wakati wa zoezi. Hapo inachoka na kuchubuka kidogo. Inakua baadaye, ukiwa umelala na umeshakula ugali wako na maharagwe. Tafadhali lishike neno hilo, nitalirudia.

Wale wenzetu wa raga hawapendi kilima, wanapenda vyuma. Huko mtaani kuna vijana wamejaza saruji katika mikebe ya rangi, wakaunganisha miwili kwa bomba, na hapo pana ukumbi wa mazoezi. Kuna mmoja wao aliyejigamba kwamba amevumbua mtindo wake: ananyanyua seti moja tu ya kila zoezi, lakini ananyanyua mpaka mikono ikatae kabisa. Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu, lakini mtindo huo una wenyewe. Mmarekani aitwaye Arthur Jones alianza kuueneza miaka ya 1970, alipokuwa akiuza mashine zake za Nautilus. Aliziita hivyo kwa sababu kipande kimoja ndani yake kilizungushwa kama kombe la mnyama wa baharini. Kabla yake wanyanyuaji wengi walikuwa wakishinda ukumbini saa nyingi, karibu kila siku. Jones akasema la, fanya kidogo, fanya kwa ukali, kisha nenda nyumbani ukapumzike. Mwanafunzi wake Casey Viator alitwaa taji la Mr. America mwaka wa 1971 akiwa na umri wa miaka 19. Mike Mentzer akaufuata mtindo huo na kuupunguza zaidi, na Mwingereza Dorian Yates, aliyeshinda Mr. Olympia mara sita mfululizo kuanzia 1992 hadi 1997, alitumia njia iliyotokana na hao wawili. Jones naye hakuwa malaika. Mwaka wa 1973 alitangaza kwamba Viator ameongeza misuli ajabu kwa siku 28, lakini Viator alikuwa amekonda kwa ugonjwa na ajali, kwa hivyo sehemu kubwa ilikuwa ni kurudisha kilichopotea. Hata hivyo, mwenye haki apewe haki yake.

Turudi kwenye mbio, maana huko ndiko kwetu. Kukimbia kwa ukali, kupumzika, kisha kukimbia tena, ni jambo lililopangwa kisayansi huko Ujerumani miaka ya 1930. Kocha Woldemar Gerschler alishirikiana na daktari wa moyo, Hans Reindell. Walitaka mkimbiaji aende kasi mpaka moyo upige kama mara 180 kwa dakika, kisha angoje ushuke hadi 120 ndipo aanze tena. Mwanafunzi wao Rudolf Harbig alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mwaka wa 1939, rekodi iliyodumu hadi 1955. Wakati uo huo Gösta Holmér wa Uswidi alikuwa akiwafunza vijana wake kuchanganya kasi na polepole porini, bila kupima umbali. Baadaye akaja Emil Zátopek wa Chekoslovakia, ambaye siku nyingine alirudia mita 400 hata mara 40. Mwaka wa 1952 kule Helsinki alishinda mita 5000, mita 10000 na marathoni, ingawa marathoni hakuwa ameikimbia hata siku moja kabla ya hapo.

Je, sisi Wakenya? Watu wa nje hupenda kusema tunashinda kwa sababu ya hewa ya juu, ati tumezaliwa hivyo. Nikisikia hivyo huwa nakasirika kidogo. Hewa haiamki saa kumi na moja asubuhi ikapanda mlima. Mwaka wa 1954 Lazaro Chepkwony alikimbia maili sita katika uwanja wa White City, London, bila viatu. Badala ya kwenda mwendo mmoja kama Waingereza, alikuwa akichomoka ghafla, anapunguza, anachomoka tena. Aliumia akaacha kabla ya mwisho na wengi wakamwona kama mtu asiyejua mbio. Katika mashindano hayo hayo Nyandika Maiyoro, mwana wa Kisii, alianza maili tatu kwa kasi akawaacha wote nyuma, kisha akamaliza wa tatu. Maiyoro alikwenda Olimpiki ya Melbourne 1956 akawa wa saba katika mita 5000, na Roma 1960 akawa wa sita. Wilson Kiprugut ndiye aliyeleta medali ya kwanza ya Olimpiki nchini, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Uliza darasani kwenu leo ni nani anayemjua Chepkwony. Mimi niliuliza kwetu, hakuna aliyeinua mkono.

Kilima chenyewe kikapata sifa kubwa miaka ya 1980, Mike Kosgei alipokuwa kocha wa timu ya taifa. Kabla ya mbio za nyika za dunia aliwakusanya wakimbiaji katika chuo cha walimu cha St. Mark's, Kigari, kule Embu, chini ya Mlima Kenya. Walikimbia hadi mara tatu kwa siku, na kulikuwa na mpando mmoja ambao wakimbiaji wenyewe waliupa jina lenye maana ya Kilima cha Mateso. Matunda yake? Timu ya wanaume ya Kenya ilishinda mbio ndefu za nyika za dunia kila mwaka kutoka 1986 hadi 2003. Hesabu mwenyewe, ni mara 18. John Ngugi peke yake alishinda mara tano, na pia akachukua dhahabu ya mita 5000 huko Seoul 1988.

Nao wa Iten je? Kila mtu anamjua Brother Colm O'Connell, Mwairishi aliyefika shule ya St. Patrick's mwaka wa 1976 kufunza Jiografia na akawalea mabingwa hadi kufikia David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 mwaka wa 2012 kule London. Lakini nilifurahi kusoma kwamba yeye mwenyewe husema hakuanza peke yake. Alimkuta pale mwalimu Peter Foster, nduguye mkimbiaji Brendan Foster wa Uingereza, ndiye aliyemtia katika kazi hiyo. Foster akaondoka, jina likabaki kwa Colm, na Colm hajamsahau.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa Magharibi, siwezi kumruka Ben Jipcho wa Mlima Elgon. Katika fainali ya mita 1500 kule Mexico 1968, Jipcho alikimbia mzunguko wa kwanza kwa takriban sekunde 56. Hiyo ni kasi ya kujichoma mwenyewe. Alitaka Jim Ryun wa Marekani, aliyeogopwa kwa kasi yake ya mwisho, achoke mapema. Kip Keino akapita, akashinda dhahabu kwa 3:34.9, naye Jipcho akabaki nyuma mbali na medali. Baadaye alipata zake, maana mwaka wa 1973 alivunja rekodi ya dunia ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Alifariki 2020. Ukitazama picha za Mexico unamwona Keino peke yake kwenye utepe.

Sasa nieleze kwa nini haya yote yananigusa. Mwaka jana muhula wa pili alikuja kijana mmoja kutusaidia mazoezi kabla ya mashindano ya wilaya. Alikuwa na bidii, siwezi kusema uongo. Alikitazama kilima cha Kuka akakipenda, akatuambia ni mbinu mpya aliyoileta. Sita akazifanya ishirini. Siku ya kupumzika akaifuta, akasema ni ya wavivu. Wiki ya kwanza tuliona raha, tukajiita makomando. Wiki ya tatu rafiki yangu wa dhati, ambaye alitarajiwa kushinda mita 800, alisikia kitu kimekatika nyuma ya paja akiwa katikati ya kilima. Alilia kama mtoto. Hakukimbia mashindano hayo, na kwao walikuwa wanategemea kwamba mbio zingempatia karo. Siku ya kufunga shule yule kijana alishukuriwa mbele ya wazazi kwa mbinu yake ya kilima. Kuka alikuwa nyuma pale akipanga viti.

Simlaumu kwa ubaya. Nadhani hakujua. Lakini alipochukua kilima bila mwenyewe, aliziacha punje za mahindi. Hakuuliza kwa nini ni sita. Mzee angemwambia kwamba ile ya saba ndiyo hula misuli, na kwamba kesho yake ni ya kutembea tu. Gerschler na Reindell walingoja moyo ushuke. Jones alituma watu nyumbani. Wote walioanzisha ukali walianzisha na kupumzika pamoja, ila kupumzika hakupigwi picha.

Jambo kama hilo limetokea kwa zoezi la dakika nne ambalo vijana huliona kwenye simu: sekunde 20 kwa nguvu zote, 10 za kupumzika, mara nane. Linaitwa Tabata, kwa jina la Profesa Izumi Tabata wa Japani, aliyechapisha utafiti wake 1996. Profesa huyo mwenyewe amesema aliyelibuni ni kocha Koichi Irisawa wa timu ya wateleza barafuni, yeye alilipima tu. Tena walilifanya juu ya baiskeli maalum, kwa ukali ambao mtu wa kawaida hawezi kuumaliza. Tunaloruka ruka nalo sebuleni ni binamu yake wa mbali.

Ukitaka kujaribu kilima, basi, kimbia polepole dakika kumi kwanza ili mwili upate joto. Anza na mara tatu au nne. Panda umeinua magoti, mikono ikisukuma, macho mbele wala si chini. Teremka ukitembea, na ukifika chini usianze mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kuhema. Mara mbili kwa wiki zinatosha, na zisifuatane. Ukisikia maumivu ya kuchoma mahali pamoja, hayo si uchovu, acha siku hiyo.

Rafiki yangu amepona. Alikaa miezi mitatu, kisha akarudi kwa Kuka kuanza na punje tatu. Mzee hakumwuliza alikuwa wapi. Jumamosi iliyopita nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo pale juu, na mfuko wa kulia ulikuwa na tano.