Sahani ya Kigoma na ugonjwa wa sonona

Kila dodoso la kupima sonona lina swali kuhusu hamu ya kula. Mgonjwa hupoteza ladha ya chakula, au hula kupita kiasi, akakonda au kunenepa, na sisi wahudumu wa afya tumezoea kuyaandika hayo kama dalili. Swali lililochelewa ni la upande wa pili: je, tunachokula kila siku, na hali ya utumbo wetu, vinaweza kuchangia sonona yenyewe? Ushahidi wa miaka ishirini iliyopita unaelekea kusema ndiyo, kwa kiasi. Kiasi hicho ndicho ninachotaka kukieleza, kwa sababu kuna wanaokitia chumvi ili wauze makopo ya probiotiki, na kuna wanaokipuuza kabisa. Kwa watu wa Kigoma, Ujiji na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika kuanzia Kagunga hadi Kalya, jambo hili linagusa sahani iliyo mezani leo.

Tuanze na utumbo mpana. Humo wanaishi bakteria kwa matrilioni, na chakula chao kikuu ni kile ambacho sisi tumeshindwa kukisaga: nyuzinyuzi za maharage, za mboga za majani, za nafaka isiyokobolewa, za matunda. Wakishazichachusha, hutoa asidi ndogondogo, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo ni chakula cha seli zinazoufunika utumbo kwa ndani. Seli hizo zikiwa na afya, ukuta wa utumbo unashika vizuri. Nyuzinyuzi zikikosekana kwa muda mrefu, ukuta hudhoofika, na vipande vya bakteria hupenya kuingia kwenye damu. Kinga ya mwili huamka. Hali ya kinga kukaa kazini muda wote bila adui wa kupigana naye ndiyo wataalamu wanayoiita inflamesheni sugu.

Inflamesheni inahusiana vipi na moyo uliozama? Mtu yeyote aliyewahi kuugua malaria anajua jibu bila kuambiwa. Unajikunyata, hutaki kuongea, hutaki kuonana na watu, chakula hakipiti, na hata jambo ulilokuwa ukilipenda halikuvutii. Si vijidudu vya malaria peke yao vinavyokufanya hivyo. Kinga yako inamwaga kemikali ambazo ubongo huzisoma na kukuamuru utulie. Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakitibiwa kwa sindano za interferoni, ambayo ni kemikali ya kinga: wengi wao walipata sonona wakiwa katikati ya matibabu, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kuugua sonona kabla. Inflamesheni ya chini kwa chini inayodumu miezi na miaka inadhaniwa kufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila polepole.

Ipo pia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na viungo vya kifua na tumbo. Nyuzi zake nyingi hubeba habari kutoka tumboni kwenda juu kuliko kutoka ubongoni kushuka chini. Na hapa nirekebishe jambo linalorudiwa mno, kwamba kwa kuwa asilimia 90 hivi ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, basi ukila vizuri serotonini itapanda kichwani. Serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Ina kazi zake huko huko, ikiwemo kusukuma chakula. Anayekuuzia kopo la unga kwa hoja hiyo hajui anachouza.

Sasa majaribio. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba panya waliolishwa bakteria wa aina moja ya Lactobacillus rhamnosus walipunguza woga na dalili zinazofanana na za sonona, na kwamba neva ya vagasi ikikatwa, faida hiyo hupotea. Dunia ilisisimka. Mwaka 2017 bakteria hao hao walijaribiwa kwa wanaume wenye afya, wakashindwa: hawakuwa na nguvu kuliko dawa bandia. Mwaka huo huo Felice Jacka na wenzake wa Australia walitoa matokeo ya jaribio lililohusu watu 67 wenye sonona ya kati na kali. Nusu walipewa mshauri wa lishe kwa wiki 12, wakaongeza mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa. Nusu walipewa mtu wa kuzungumza nao tu. Karibu theluthi moja ya kundi la lishe walipona hadi kufikia kiwango cha kutohesabiwa tena kuwa wagonjwa, wakati kundi la pili walikuwa asilimia 8. Udhaifu wake ni dhahiri: washiriki walijua wako kundi gani, na matumaini yenyewe ni dawa. Hata hivyo lilikuwa jaribio la kwanza la namna hiyo kuchukuliwa kwa uzito.

Nchini Ubelgiji, mwaka 2019, uchunguzi wa kinyesi cha watu 1,054 ulionyesha kwamba wenye sonona walikuwa na upungufu wa bakteria wa jamii mbili, Coprococcus na Dialister, hata baada ya kuzingatia dawa walizokuwa wakitumia. Lakini je, upungufu ulileta sonona, au sonona iliwafanya wale vibaya hadi bakteria wakapungua? Uchunguzi wa namna ile hauwezi kujibu. London, mwaka 2023, wagonjwa 49 ambao dawa zao hazikuwa zimewasaidia vya kutosha walijaribiwa kwa wiki 8, baadhi wakiongezewa probiotiki juu ya dawa. Waliopewa probiotiki walielekea kupata nafuu zaidi. Watu 49 ni wachache, na dawa zao hawakuziacha.

Utafiti ulionigusa zaidi ulifanyika hapa hapa nchini. Mwezi Aprili 2025, watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa chuo kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakiongozwa na Quirijn de Mast, walichapisha katika jarida la Nature Medicine matokeo ya jaribio la wanaume 77 wenye afya wa mkoa wa Kilimanjaro. Wa vijijini, waliozoea vyakula vya asili, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye vyakula vya kizungu vya kiwandani na vya kukaanga. Wa mjini walifanyiwa kinyume. Kundi la tatu lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Kwa waliohamia vyakula vya kizungu, alama za inflamesheni katika damu zilipanda na chembe zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vijidudu. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, na hata kwa wanywaji wa mbege, alama hizo zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Wiki mbili tu! Hilo ndilo linalonifanya nitake kila mzazi wa Kigoma alisikie. Jaribio halikupima sonona, na wote walikuwa wanaume wazima wenye afya, kwa hiyo mtu asije akasema mbege inatibu huzuni. Lilichoonyesha ni kwamba kiungo kimoja katika mnyororo nilioueleza, yaani inflamesheni, kinasogea haraka kulingana na kilicho kwenye sahani, na kwamba sahani ya babu zetu inakisogeza upande mzuri.

Sahani ya mwambao huu tunaijua. Dagaa wa Kigoma, waliokaushwa kwa jua Katonga au Kibirizi, huliwa wazima na vichwa na mifupa: protini, kalisi, vitamini B12, na mafuta ya omega-3 ambayo majaribio yake kwa wagonjwa wa sonona yametoa matokeo yanayopishana lakini si ya kutupwa. Maharage ya Kasulu na Kibondo: kikombe kimoja kilichopikwa kina takriban gramu 10 hadi 15 za nyuzinyuzi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kuna sombe, lengalenga, maembe ya Ujiji msimu ukifika, na mawese mekundu yenye rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ingawa mafuta yake ni mazito na mwiko mmoja unatosha. Sahani hii haina haja ya kuongezewa kitu kutoka ng'ambo. Inachohitaji ni kutosukumwa pembeni na chipsi, soda, mandazi na sembe nyeupe, vitu ambavyo mtoto wa Mwanga au Gungu sasa anaweza kuvila kutwa nzima bila kukutana na jani wala kunde.

Vyakula vilivyochachushwa vinahitaji maelezo ya kina, maana hapo watu huchanganya. Probiotiki, kwa tafsiri ya FAO na Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2001, ni vijidudu hai ambavyo vikiliwa kwa kiasi cha kutosha humpa mlaji faida ya kiafya. Neno zito hapo ni hai. Muhogo unaolowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa na kutwangwa hujaa bakteria wa asidi ya maziwa, lakini ukishasongwa ugali moto umewaua. Faida ya kuuloweka ni nyingine, na ni kubwa: huondoa sumu ya sayanidi. Mwaka 1985 huko Tarime, wakati wa ukame, watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu usiopona. Asikudanganye mtu kufupisha siku za kuloweka.

Togwa ni habari tofauti. Uji hupikwa, hupozwa, hutiwa kimea cha ulezi au mtama, huachwa uchachuke, na hunywewa bila kurudishwa jikoni. Bakteria wake wako hai. Mwaka 1999 Kingamkono na wenzake walionyesha kwamba watoto wadogo wa Kitanzania waliolishwa uji uliochachushwa walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha katika kinyesi chao. Mtindi uliogandishwa nyumbani nao ni hai. Mjini Mwanza tangu mwaka 2004 kikundi cha akina mama cha Mabatini, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Western cha Kanada, kimetengeneza mtindi wenye bakteria waliochaguliwa, na kuonyesha kwamba probiotiki haihitaji kiwanda kikubwa. Lengo lao halikuwa sonona, na mimi sisemi kwamba togwa inatibu sonona. Nasema ni bei nafuu na ni chakula halisi, na kama mtu anataka kuongeza bakteria hai katika mlo wake, aanzie hapo kabla hajatoa maelfu ya shilingi dukani. Lubisi, pombe ya ndizi, siiweki katika kundi hili. Pombe huongeza sonona, na mgonjwa anayekunywa ili asahau huamka na mzigo mkubwa zaidi.

Nimwombe pia msomaji jambo moja kuhusu antibiotiki. Kumeza vidonge kwa kila tumbo linalouma, bila kupimwa, huwafagia bakteria wazuri pamoja na wabaya, na kuna wanaochukua miezi kurudi.

Haya yote yana mpaka, na mpaka wake ni mfuko. Kati ya tarehe 15 Mei na 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani ili samaki wazaliane. Uamuzi ulikuwa wa lazima kwa ziwa, lakini kwa familia inayoishi kwa wavu ulimaanisha kipato na kitoweo kupotea pamoja. Huko Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wanaishi kwa mgao wa unga, jamii ya kunde, mafuta na chumvi, ambao umepunguzwa mara kadhaa. Kumwambia mama wa Nyarugusu ale mboga na samaki ili aondoe sonona ni kumwongezea lawama juu ya vita na miaka ya kusubiri. Pale bustani ya lengalenga nyuma ya nyumba na mgao kamili ni sehemu ya huduma ya afya ya akili, na wanaopanga bajeti wanapaswa kuzihesabu hivyo.

Kwa wewe unayesoma: ikiwa huzuni, uchovu au kutopenda chochote vimekukalia wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda leo, na usiende peke yako. Kama tayari unatumia dawa, usiiache kwa ajili ya mtindi wala togwa. Mweleze mhudumu unalalaje na unachowaza, kisha mweleze pia ulikula nini jana na juzi, hata kama hakukuuliza.